Félicité na Gari la Kusukuma

Nilimnunia Félicité miezi mitatu kwa kosa moja tu: gari lake lilipona. Najua habari hiyo hainiletei sifa, lakini nimeamua kusimulia maisha yake kama yalivyokuwa, na siwezi kumwanika yeye nikajificha mimi.

Nyumba zetu pale Kilibula, mtaa wetu wa juu ya ziwa, zilitenganishwa na ukuta wa matofali ambao haukuwahi kumalizika. Yeye alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Chadrack, aliyekwenda kusoma Bukavu, ndiyo maana mtaa mzima tulimwita Mama Chadrack. Marehemu mumewe, Octave, alimwachia vitu viwili: redio iliyoshika kituo kimoja tu, na Pijo 404 ya buluu yenye turubai nyuma, iliyotoka kiwandani sisi tukiwa bado wasichana. Matanga hayajaisha, ndugu wa Octave wakaja kutoka Runingu kulichukua gari, wakisema mwanamke ataliendesha wapi. Félicité akapanda, akaweka gia ya nyuma, akaliangusha lango lake mwenyewe, akatokea barabarani. Hakujua gia nyingine wakati ule. Shemeji zake walirudi kwao kwa miguu, na gia zilizobaki akajifunza taratibu.

Tangu hapo kazi yake ikawa hiyo. Asubuhi anashuka uwandani, Runingu, Nyakabere, popote penye mihogo na nyanya, mchana anarudi na mzigo na abiria juu ya mzigo. Mimi Consolée, ambaye wengi wananiita Mama Délice kwa jina la binti yangu, nilikuwa nauza nyanya sokoni, kwa hiyo gari lile lilikuwa miguu yangu.

Shida yake ni kwamba halikuwaka bila kusukumwa. Félicité aliweka sheria moja, nayo haikuandikwa popote: aliyesukuma anapanda bure. Kila asubuhi wanawake wanane, tisa, tulifunga vitenge vizuri, tukainamia lile gari kuanzia langoni kwake hadi pale njia inapoanza kuteremka. Kila mmoja na nafasi yake. Ya kwangu ilikuwa pembe ya kushoto, karibu na taa ya nyuma, na ole wake mgeni aliyenitangulia. Walikuwepo pia waliosukuma kwa macho. Anaweka kiganja tu juu ya bodi, anaguna kuliko sisi sote, kisha anakuwa wa kwanza kupanda. Siwataji, wenyewe wanajijua.

Mimi si fundi, lakini ukilisukuma gari miaka saba utalijua mpaka tumboni. Ndani ya injini kuna kikombe kinaitwa delko, na ndani ya delko kulikuwa na midomo miwili midogo ya chuma, mafundi wetu wanaiita platini. Midomo hiyo hufunguka na kufumba bila kupumzika, na kila ikifunguka, cheche inaruka kwenye buji, yaani plagi, na petroli inashika. Ikifunguka mno, gari linakohoa. Ikifunguka kidogo mno, inaungua. Octave alikuwa akipima nafasi yake kwa kipande cha kalenda ya parokia. Kalenda ile ilikuja kwenye karatasi ngumu, na unene wake ulikuwa ndio hasa unaotakiwa. Kila Januari, kalenda mpya ikishatundikwa, Félicité alishusha ile ya zamani na kukata kijipande cha kupimia. Alikata kwenye ukurasa wa Agosti siku zote, kwa kuwa Agosti ilikuwa na picha ya Bikira Maria. Mimi ni Mprotestanti na nilimtania sana juu ya jambo hilo, lakini gari liliwaka.

Kijipande kile kilikuwa na kazi ya pili, nayo vita ndivyo vilivyoifundisha. Mwaka wa tisini na sita askari waliokuwa wakikimbia walichukua kila chenye magurudumu. Watu wenye akili waling'oa vifaa wakavificha, lakini askari nao wana akili: wanafungua injini, wanaona pengo, wanakuchapa mpaka kifaa kirudi. Félicité hakung'oa kitu. Aliingiza kile kipande cha Agosti katikati ya midomo ya platini, akafunika delko, akafuta mikono. Kila waya ulikuwa mahali pake. Askari sita wakalisukuma gari mpaka chini karibu na ziwa, wakalitukana matusi ya lugha tatu, wakaliacha pale. Tisini na nane, sare nyingine, habari ileile. Jioni tulikwenda kulichukua na kulisukuma kurudi nyumbani. Jina baya likaenea kwamba gari la yule mama wa Kilibula ni mzoga, na jina hilo lililinda gari kuliko lango lolote.

Sasa nifike kwenye kalenda iliyotuponza. Vita vilipoendelea, karatasi nayo ikawa adimu, na kalenda ya mwaka wa elfu mbili na moja ilikuja nyepesi. Nani anapima unene wa kalenda? Tulitazama tarehe za Pasaka, basi. Januari iliyofuata Félicité akaishusha, akakata Agosti yake, akapimia platini kama kawaida.

Mwezi wa pili tulikuwa tunarudi kutoka Nyakabere na mvua. Nyuma, juu ya magunia, alilala mke wa mwalimu wa kule, uchungu umemshika tangu alfajiri. Karibu na mashamba ya miwa ya Kiliba gari likakohoa, likapiga mlio mmoja, likanyamaza. Tukasukuma. Matope yalifika kwenye magoti, watu watatu tu na dereva, halikutaka. Félicité akafungua delko chini ya mwavuli niliomshikia, akakuta midomo imeungua na kuwa myeusi. Akaikwangua kwa kisu, akapima tena kwa kile kipande, likawaka dakika mbili, likazima. Mke wa mwalimu alijifungua pale chini ya turubai. Mtoto wa kiume. Hakulia.

Siku tatu baadaye nilimkuta Félicité ameketi mlangoni na vipande viwili vya kalenda, cha miaka ya nyuma na kile cha karibuni. Alikuwa anavipapasa kwa vidole. Ilitakiwa viwili vya kile kipya ndipo upate unene wa kimoja cha zamani. Akaniambia, "Mama Délice, ni minye nilimuua."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Hakunisikia. Wiki hiyohiyo akavuka mpaka kwenda Bujumbura kwa binamu yake Frédéric, ambaye ni fundi, na Jumamosi wakarudi wote wawili. Frédéric alileta delko nzima aliyoitoa kwenye Pijo ya miaka ya karibuni zaidi iliyogongwa na lori, pamoja na kisanduku cheusi cha ukubwa wa pakiti ya chumvi, na betri mpya, kwa sababu kisanduku hicho hakipendi umeme wa kubahatisha. Jumapili alifanya kazi kuanzia misa ya kwanza hadi saa saba. Ndani ya delko mpya hapakuwa na midomo. Palikuwa na sumaku ndogo inayozunguka na kijidude kinachoitazama, hakuna kinachogusana, hakuna kinachoungua. Félicité akazungusha ufunguo. Gari likawaka kabla hatujalipisha njia.

Wengine walipiga makofi. Mimi niliuliza, "Sasa tutasukuma nini?"

"Hakuna kusukuma tena," akajibu.

"Na bale balikuwa banapanda bure juu ya kusukuma?"

"Batalipa kama bantu bengine. Ile batri haikuanguka toka mbinguni."

Nilikasirika. Nikamwambia la kumuumiza, ambalo pia lilikuwa kweli, habari ya askari: "Na basoda bakikuya? Kalenda yako utaiweka wapi sasa?"

Alifunga kapo ya injini polepole na kuingia ndani. Alikuwa amelijua swali hilo kabla sijaliuliza, nami nilijua kwamba analijua, na bado niliuliza mbele za watu.

Basi nikanuna. Kila asubuhi nilishuka sokoni kwa miguu na beseni langu kichwani, na kila asubuhi Pijo ilinipita ikiimba. Félicité alipiga honi. Mimi niligeuza uso nikalitazama ziwa kama mtu ambaye hajawahi kuliona. Siku moja alisimama kabisa, akafungua mlango, akasema, "Weye, panda." Nikamwambia daktari amenishauri kutembea. Daktari gani, hata mimi sijui.

Mwezi wa tano, asubuhi, Manirakiza, yule anayeuza mafuta ya taa kwenye kona, alipita nyumba kwa nyumba akisema askari wanakuja kutafuta magari. Tayari walikuwa wamechukua matatu upande wa kanisa. Wanalijaribu kila moja. Linalowaka linaondoka nao. Wanapekua mpaka chini ya vitanda.

Niliruka ule ukuta usiomalizika, na mimi si mwepesi. Nilimkuta Félicité mbele ya injini iliyo wazi. Alishika kipande cha Agosti, kile kizuri cha zamani, akikigeuzageuza. Alikuwa amekitafuta kwa mazoea, na sasa hakuwa na mdomo wa kukilisha. Nilipomwona hivyo hasira yangu yote ya miezi mitatu iliniishia, ikaniachia aibu tu. Gari lile ndilo lililomsomesha Chadrack. Ndilo lililotoa nusu ya wajawazito wa uwandani kwenye matope. Likienda, haliji lingine.

"Toa batri," nikamwambia.

"Nyumbani batapekua."

"Toa, usibishane."

Nikaleta beseni langu. Betri ikakaa katikati, nikaifunika nyanya mpaka ikapotea, nikajitwika. Wanawake walikuwa wameshaanza kutokea kwenye malango yao, wale wale wa zamani, hata wale wa kusukuma kwa macho. Hakuna aliyewaita. Kila mmoja akaenda kwenye nafasi yake. Félicité akashika usukani, tukaanza kusukuma kwa kelele zetu zote, mimi nikitembea pembeni na mzigo kichwani, pembe yangu ya kushoto ikiwa wazi.

Tulikutana nao nusu ya njia. Walikuwa wanne, na mkubwa wao alivaa miwani ya jua iliyokosa kioo kimoja.

"Iko na nini hii?" akauliza.

"Haiwake, chef," Félicité akajibu.

"Fungula kapo."

Dereva wao akainamia injini. "Batri iko wapi?"

"Benzenu balishabeba," akasema Félicité, uso mkavu.

Dereva akacheka. Kumbe alikuwa amewahi kutumikia zile sare za tisini na nane. "Chef, hii minye naijua. Tulisukuma hii mu quatre-vingt-dix-huit mpaka mugongo ikauma. Hata ukiiwekea batri tatu, haiwake."

Nilikuwa karibu kumpenda mtu yule. Lakini wakati anasema hayo mkubwa wake alikuwa amesogea kwangu. Alikuwa mrefu. Akanyoosha mkono, akatoa nyanya kwenye beseni, akaifuta kwenye suruali, akala. Akachukua ya pili. Shingo ilikuwa inawaka moto, na kitu cha majimaji kilianza kunichoma utosini, lakini sikuthubutu kutikisika. Alipochukua ya tatu nilisikia nyanya nyingine zikiporomoka kujaza pengo, nikajua kona ya betri iko wazi kwa hewa.

"Chef," nikasema, na kurudi hatua moja nyuma, "zile za juu ni za juzi, zitakusumbua tumbo. Kesho nitakuletea za Runingu, za leo leo."

Alinitazama kwa lile jicho lenye kioo. Halafu kwa lile lisilo nacho. "Kesho," akasema.

Wakaondoka. Sisi tukaendelea kusukuma mpaka nyuma ya kona, na hapo wanawake tisa wakaketi chini barabarani wakacheka hadi machozi. Mimi nilikuwa naomba maji. Betri ilikuwa imevuja asidi, ikatoboa beseni kwenye mshono, ikala kitambaa na ngozi. Mpaka leo pana mahali utosini pangu nywele hazioti, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kesho yake nilimpelekea yule mkubwa nyanya za Runingu, maana nilikuwa nimeahidi, na pia nilimwogopa.

Kuanzia hapo tulirudi kwenye kazi yetu ya zamani. Askari waliweka kizuizi chini ya mtaa wetu, na kila asubuhi tulilisukuma gari lililo zima mbele yao, betri ndani, ufunguo mfukoni mwa Félicité, mpaka nyuma ya kona. Hapo analizungushia ufunguo, linawaka papo hapo, tunapanda bure. Sheria ilirudi, na pembe yangu pia. Askari walituzoea. Siku nyingine mmoja wao aliweka bunduki begani akatusaidia kusukuma, na hapo ndipo ilikuwa kazi kubwa kuzuia kicheko.

Kisha ikaja zamu ya Délice, binti yangu. Alikuwa amebeba mimba ya kwanza na amekuja kwangu kujifungulia. Ilikuwa Jumatano mchana. Uchungu ulianza, na saa moja haijapita akaanza kutoka damu ambayo sikuipenda. Wanawake wote walikuwa sokoni au mashambani. Tulibaki mimi na Félicité, na mgonjwa, na gari, na kile kizuizi kinachoonekana kutoka langoni, kwenye njia pekee ya hospitali.

Tulimlaza Délice nyuma juu ya mikeka. Mimi, kwa mazoea, nikaenda kwenye pembe yangu, nikaweka bega.

"Ingia," Félicité akasema.

"Basoda banatuona, Mama Chadrack."

"Ninajua banatuona."

"Tusukume hata mpaka kwenye kona. Nitajaribu."

"Weye na nani? Ingia."

Nikaingia nyuma na binti yangu. Félicité akazungusha ufunguo mbele ya Kilibula nzima. Gari likawaka mara moja, bila kikohozi. Tukashuka kwa kasi hadi kwenye kizuizi, injini ikinguruma kwa afya yake yote, na yeye hakuizima. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Iko nazaa. Fungula."

Yule mkubwa alisimama na miwani yake. Aliitazama injini inayotetemesha kapo. Alinitazama mimi, akatazama utosi wangu uliofungwa bandeji, na nikaona mambo yote yakimwingia moja baada ya jingine, betri, nyanya, kusukuma. Nilidhani atatushusha. Akanyanyua mti wa kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Hospitalini walimpasua Délice dakika ileile tulipofika. Daktari aliniambia nusu saa zaidi na angekuwa ananipa habari nyingine. Mtoto alikuwa wa kike, na huyu alilia hadi akakera wodi nzima. Jina lake sina haja ya kulitaja, mnalijua.

Kesho yake asubuhi askari walikuja. Félicité alikuwa amekwishaliosha gari. Aliketi kwenye ngazi, ufunguo kiganjani, kama mtu anayengoja wageni aliowaalika.

"Mama, ulituchezea," yule mkubwa akasema.

"Ndiyo, chef," akasema, akampa ufunguo.

Liliwaka kwao pia, mara ya kwanza. Likashuka na njia, turubai likipepea, likakunja kona. Hatukuliona tena. Mimi nilikuwa nalia na kuwatukana kwa Kifuliiru, kwa sauti ya chini, kwa kuwa ujasiri wangu una mipaka. Nilimwambia Félicité anisamehe. Nilimwambia kama si binti yangu gari lingekuwa hapa. Alinishika mkono, akanitazama, na uso wake ulikuwa na majivuno ambayo sikuyategemea.

"Lakini uliona namna iliwaka jana?" akasema. "Mara moja tu, Mama Délice. Mara moja."

Alinunua beseni, akaanza kuuza nyanya kando yangu. Wiki ya kwanza, tulipokuwa tunashuka sokoni, mmoja wa wale waliokuwa wakisukuma kwa macho alimpokea beseni lake bila kusema neno, akaliweka juu ya lake. Siku iliyofuata mwingine. Ikawa sheria, nayo haikuandikwa popote. Sasa Félicité amevuka sabini na bado anashuka nasi kila asubuhi, mikono mitupu, akilalamika kwamba tunatembea kama konokono. Gari likipita linakohoa, anasimama kulisikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Platini." Kubeba beseni lake tunapokezana. Zamu yangu ni Jumanne na Ijumaa.